Kabla Hujaiuza D90

Wapiga picha wa ridhaa, wale wanaopiga kwa mapenzi yao na si kwa kutafuta riziki, wana swali moja wanaloulizana kila wakikutana: kamera imezeeka, sasa ichukuliwe ipi? Anayeuliza mara nyingi ana kamera ya kioo, yaani DSLR, iliyotoka kati ya 2008 na 2012, ana lenzi aliyoinunua pamoja nayo, na ameweka akiba kidogo. Mazungumzo ya leo yatamfuata mtu mmoja wa aina hiyo, mwenye Nikon D90, kwa kuwa kamera hiyo bado imo mikononi mwa watu na njia zilizo mbele yake zinajulikana vizuri.

D90 ilitangazwa Agosti 2008 kwa bei ya karibu dola 1,000 za Marekani bila lenzi. Ina megapikseli 12.3, ina nukta 11 za kufokasi, inapiga picha 4.5 kwa sekunde, na ndiyo DSLR ya kwanza duniani iliyorekodi video. Miaka 17 kabla yake, yaani 1991, Kodak ilipoanza kuuza DCS yake iliyojengwa juu ya bodi ya Nikon F3, mnunuzi alilipa karibu dola 20,000 kwa megapikseli 1.3, na ilimbidi avae begani kisanduku kizima cha kuhifadhia picha. Canon EOS 300D ya 2003 ndiyo iliyoishusha DSLR chini ya dola 1,000 na kuifungulia mlango kwa mtu asiyekuwa na studio wala gazeti nyuma yake. D90 basi ni tunda la safari ndefu, na mchana kweupe bado inatoa picha ambayo hakuna mtu ataitazama akasema hii imepigwa kwa kamera ya zamani.

Taabu yake huanza jua likizama.

Tuingie ukumbini. Ni harusi, saa tatu usiku, taa zimepunguzwa, bibi harusi anaingia na wapambe wake wanacheza mbele yake. Mwenye D90 amevuta lenzi yake ya 18–105 mpaka mwisho. Hapo tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Anapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida cha kamera hiyo, na mita inamwambia kasi ya shata ni 1/30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo bibi harusi aliyesimama atatoka, lakini mikono ya wanaocheza itakuwa mistari, na vivulini picha itajaa chenga. Anarudi nyumbani anafungua kompyuta, anaona picha 10 zimetikisika kwa kila moja iliyotulia, naye anafikia uamuzi kwamba kamera imekwisha.

Kabla hajaiuza, afanye hesabu moja. Lenzi ya 35mm yenye tundu la f/1.8, ambayo Nikon iliitoa 2009 kwa dola 200 hivi mahususi kwa kamera za ukubwa huu, inapitisha mwanga karibu mara 10 kuliko lenzi iliyofika f/5.6. Ukumbi uleule, ISO ileile ya 3200, kasi inapanda kutoka 1/30 hadi 1/250. Kwa 1/250 mkono wa mchezaji unasimama hewani na vidole vyake vinahesabika. Atalazimika kusogea karibu, kwa sababu lenzi hiyo haivuti, na huenda akaambiwa apishe njia. Lakini bodi haijabadilika, na picha imepatikana.

Hapa ndipo msimamo wa mazungumzo haya ulipo. Kwa mtu anayepiga kwa mapenzi, fedha ya kwanza iende kwenye lenzi, ya pili ndiyo iende kwenye bodi. Bodi hupitwa na wakati kila baada ya miaka michache. Lenzi nzuri hukaa. Mlango wa lenzi wa Nikon, ule unaoitwa F, ulianza mwaka 1959, na wa Canon, EF, ulianza 1987. Zipo lenzi zilizotengenezwa kabla D90 haijafikiriwa ambazo hufungwa juu yake leo na zikapiga.

Sasa tuseme mwenzetu amenunua lenzi hiyo, ameitumia misimu miwili, na bado kuna mambo kamera inamnyima. Hapo swali la bodi mpya lina haki yake. Zichukuliwe mbili zinazopatikana sana kama mtumba: D7200 ya mwaka 2015 na D750 ya mwaka 2014. Zote zina megapikseli 24, zote zina nukta 51 za kufokasi, zote zina Wi-Fi ya kurushia picha kwenye simu papo hapo, jambo ambalo D90 hailijui. Ukizisoma kwenye karatasi unaweza kudhani ni pacha. Mikononi ni kamera mbili tofauti kabisa, na tofauti yenyewe ni ukubwa wa sensa, ile bapa ndogo iliyo nyuma ya kioo ambayo kazi yake ni kunasa mwanga. Ya D7200 ina milimita 23.5 kwa 15.6, karibu ukubwa uleule wa D90. Ya D750 ina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya mkanda wa filamu wa zamani. Kwa eneo, hiyo ni zaidi ya mara mbili.

Maabara ya DxOMark huko Ufaransa hupima sensa na kutoa kiwango cha ISO ambacho picha bado inabaki na ubora mzuri. D90 ilipata 977. D7200, iliyokuja miaka saba baadaye, ilipata 1,333. D750 ilipata 2,956. Tazama namba hizo kwa utulivu. Miaka saba ya maendeleo kwenye sensa ya ukubwa uleule imeleta nafuu isiyofika hata nusu ya hatua moja ya mwanga, na kila hatua ni mwanga mara mbili. Kuhamia sensa kubwa kumeleta nafuu ya hatua moja na nusu na ushee. Anayesema "nanunua mpya ili nipige gizani" na kisha akachukua bodi yenye sensa ileile ndogo, atakuwa amelipia jambo ambalo kwa sehemu kubwa hatalipata.

Ila D7200 ina faida nyingine ambayo kwa ngozi zetu ni kubwa mno, na wauzaji hawaitaji. DxOMark pia hupima upana wa mwanga, yaani umbali kati ya kivuli kizito na mng'ao mkali ambao sensa inaweza kuubeba ndani ya picha moja. D90 ilipata hatua 12.5 na D7200 hatua 14.6. Sasa fikiria bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama nje adhuhuri. Mita ya kamera hutaka kila kitu kiwe wastani, kwa hiyo ikiona kanzu inafifisha picha nzima, na uso unazama. Ukiipunguzia kamera mwanga kusudi ili kanzu isiungue, halafu ukauinua uso kwenye kompyuta kutoka faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, D90 inakurudishia uso wenye chenga za rangirangi mashavuni. D7200 inakurudishia uso. Rangi ya ngozi ipo, mng'ao wa paji la uso upo, na nyuzi za kanzu bado zinaonekana. Kwa anayepiga picha za watu Afrika Mashariki, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kubadilisha kamera.

Kufokasi nako kumebadilika. D90 yenye nukta zake 11 hubabaika kwenye mwanga hafifu, lenzi ikienda mbele na kurudi nyuma bila kushika. D7200 na D750 zimetengenezwa kufokasi hadi mwanga wa hatua tatu chini ya sifuri, takriban mwanga wa mbalamwezi. Hapo pia kuna jambo la kuangalia kwa jicho: nukta 51 za D7200 zimetandazwa karibu fremu nzima, ilhali za D750, idadi ileile, zimesongamana katikati kwa sababu fremu yenyewe ni kubwa zaidi. Anayepiga mpira wa mchangani au ndege, ambaye mlengwa wake hukimbilia pembeni, atafurahi zaidi na D7200. Pia sensa ndogo humfanya ndege aonekane karibu zaidi kwa lenzi ileile, kama vile urefu wa lenzi umezidishwa mara 1.5.

Na megapikseli? Zimesemwa sana kuliko zinavyostahili. Picha ya D90 ina pikseli 4288 kwa 2848. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, ambao ni ubora wa jarida, unapata inchi 14 kwa 9 na nusu, yaani imeshapita ukubwa wa A4. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Idadi imeongezeka maradufu, lakini upana umeongezeka kwa asilimia 40 tu, kwa sababu pikseli hugawanywa pande mbili. Na ikiwa picha inakwenda kwenye skrini ya simu au ya televisheni ya Full HD, skrini hiyo inaonyesha megapikseli mbili hivi.

Pikseli hizo za ziada zina gharama zake, tena hazionekani siku ya kununua. Faili la RAW la D90 lina MB 10 hivi. La D7200 huweza kupita MB 25. Memori kadi iliyotosha harusi nzima itajaa kabla ya keki kukatwa. Kompyuta iliyokuwa inafungua picha mara moja itaanza kusuasua. Programu ya kuhariri iliyotengenezwa kabla ya kamera hiyo haitalifungua faili lake kabisa mpaka isasishwe, ingawa kwa hilo zipo darktable na RawTherapee ambazo hutolewa bure. Anayepanga bajeti ya bodi na kusahau kadi na diski ya kuhifadhia atajikuta amenunua nusu ya kamera.

Kuna mtego mwingine, na huu huwakuta wanaokimbilia D750. Lenzi zote mbili zilizotajwa, 18–105 na 35mm f/1.8, zimetengenezwa kwa sensa ndogo. D750 inazikubali, lakini inakata picha na kutumia sehemu ya katikati ya sensa tu, na zinabaki megapikseli 10. Mtu ametoka kwenye 12, amelipa fedha nyingi, na ameshuka hadi 10. Ni kama kuhamia nyumba kubwa ukabaki unaishi chumba kimoja kwa kukosa samani. Ilipotoka, D750 iliuzwa karibu dola 2,300, na D7200 dola 1,200. Pengo hilo kwenye mtumba limepungua, lakini pengo la lenzi liko palepale. Anayechagua sensa kubwa ahesabu tangu mwanzo bodi na lenzi moja inayolingana nayo, na 50mm f/1.8 ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na haina aibu mbele ya lenzi ghali.

Kuhusu hiyo 50mm kuna tahadhari. Lenzi nyingi za zamani za Nikon zenye herufi D mwishoni hazina mota ndani yake; husukumwa na mota iliyo kwenye bodi. D90, D7200 na D750 zinayo. D3500 na D5600, kamera ndogo na nyepesi ambazo muuzaji anaweza kumsifia mtu kuwa "ni mpya zaidi", hazina. Ukifunga 50mm f/1.8D kwenye D3500, itapiga picha lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Upya wa mwaka wa kutengenezwa usimdanganye mtu: D3500 ni ya 2018, lakini aliyekuwa na D90 akaichukua atakuwa amepoteza mota, skrini ndogo ya juu na gurudumu la pili la vidole.

Sasa kununua kwenyewe. Kwa wengi wetu itakuwa mtumba, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli jijini Nairobi, au kwa mtu aliyetangaza kwenye mtandao. Mtumba si jambo la kuogopa, mradi mnunuzi aende na memori kadi yake na tochi ya simu. Kadi ni kwa ajili ya hesabu ya shata. Nikon huandika ndani ya kila picha idadi ya mara ambazo shata imefunguka, na programu za bure huisoma. Shata za D7200 na D750 zimejaribiwa kiwandani kwa mara 150,000. Mpiga picha wa harusi anayebonyeza mara 1,500 kwa sherehe moja hufika huko baada ya sherehe 100, kwa hiyo kamera inayong'aa kwa nje inaweza kuwa imechoka ndani, na iliyochubuka ya mtu wa matembezi ya Jumapili ikawa bado changa. Kwa D750, Nikon yenyewe ilitangaza kuwa shata za baadhi ya bodi za miaka ya mwanzo zina kasoro na ikazitengeneza bure. Mnunuzi aandike namba ya bodi, aiangalie kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa fedha.

Tochi ni kwa ajili ya lenzi. Mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando, hizo ni kuvu. Hewa ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Zanzibar na Mtwara, ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa begini miezi kadhaa bila kupata hewa hushikwa upesi. Kuvu changa fundi huisafisha. Ikikaa, hula rangi ya kinga juu ya kioo na alama yake haitoki. Lenzi nzima iwekwe kwenye chombo chenye kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na ipigiwe picha mara kwa mara, maana kutumika nako ni kinga.

Kipimo cha tatu ni cha sensa: weka tundu la lenzi f/16, elekeza kamera kwenye anga lisilo na mawingu, piga. Vidoadoa vya kijivu ni vumbi, nalo husafishika. Mkwaruzo hausafishiki, na huo ni wakati wa kumshukuru muuzaji na kuondoka.

Wapo watakaouliza kwa nini mazungumzo haya yanahangaika na kamera za kioo wakati dunia imehamia zisizo na kioo. Ni kweli imehama. Nikon na Canon zilileta milango mipya ya lenzi, Z na RF, mwaka 2018. Mwaka 2020 kamera zisizo na kioo zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi za kioo kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Nikon ilitoa D780 na D6, na tangu hapo haijaleta DSLR nyingine. Pentax peke yake ndiyo iliyoendelea kuzitengeneza kwa moyo, ikatoa K-3 Mark III mwaka 2021. Mwenye fedha ya kutosha na asiye na lenzi nyumbani, aanze na zisizo na kioo. Fokasi yake inayofuata jicho la mtu ni msaada mkubwa. Lakini kwa mwenye lenzi mbili tatu za Nikon F na akiba ya kawaida, kuhama huko ndiko kulikomletea heri. Watu wanaouza ili wahamie wameshusha bei za bodi zilizokuwa ndoto ya wataalamu miaka 10 iliyopita, na zile lenzi zisizo na mota ndani hazipati fokasi ya mota hata zikifungwa na kiungio cha Nikon cha kuhamia Z. Kwa mtu huyo kubaki kwenye kioo ni uamuzi wa busara, na hana haja ya kumwomba mtu radhi.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Mwenye D90 mwenye lenzi moja ya kuanzia, anunue 35mm f/1.8 na abaki na bodi yake. Mwenye lenzi hiyo tayari, anayependa mpira, ndege na picha za watu mchana, achukue D7200. D7100 iliyotangulia inafanana nayo, lakini kwa RAW za ubora wa juu kabisa kumbukumbu yake ya ndani hujaa baada ya picha sita mfululizo, ya D7200 ikifika 18. Kwa mpira hilo ni pengo kubwa. Anayeishi ukumbini na usiku, achukue D750 pamoja na 50mm, au asubiri mpaka vyote viwili viwezekane.

Na D90 yenyewe, msikilizaji? Ukiiuza utapata fedha kidogo, na ukiiweka kabatini kuvu itaimaliza. Mtafute kijana aliye sekondari au mtoto wa jirani anayepiga kila kitu kwa simu, umpe, na umfundishe wiki ya kwanza maana ya tundu, kasi na ISO. Mpe na betri zote pamoja na chaja, usibakize hata moja. D90 hutumia betri ya EN-EL3e, na kamera yako mpya hutumia EN-EL15. Wewe hazitakufaa tena, na yeye bila hizo hatapiga hata picha moja.